UZI: Mnaikumbuka penalti ya kukimbia ya Wamarekani? Yadi 35, sekunde tano, wewe na kipa

Mzee wa Cotton Bowl (mwanzisha uzi)

Wakuu, kila Simba na Yanga wakifika kwenye matuta, humu jukwaani wimbo ni mmoja: matuta ni bahati nasibu, ila tufanyeje, hakuna njia nyingine. Njia ilikuwepo. Ilichezwa kwenye ligi ya kulipwa, tena katika vipindi viwili tofauti, na cha pili nimekishuhudia mwenyewe nikiwa mwanafunzi Texas miaka ya tisini. Wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa, au mlikuwa mnasikilizia mpira redioni, kwa hiyo kaeni niwasimulie.

Ligi yenyewe ni MLS, ligi kuu ya soka ya Marekani, misimu yake minne ya mwanzo, 1996 hadi 1999. Sare hazikuwepo kabisa. Dakika 90 zikiisha mko sawa, hakuna muda wa nyongeza wala kugawana pointi mkaenda nyumbani. Mpira unawekwa yadi 35 kutoka golini, karibu mita 32. Mchezaji mmoja anasimama nyuma yake, kipa yuko peke yake kule mbele, wengine wote wamekaa katikati ya uwanja wanatazama. Refa akipuliza una sekunde tano uwe umeshapiga. Gusa mara moja, gusa mara sita, mlambe kipa chenga, ubetue juu yake, piga kutoka mbali, hiyo ni shauri yako. Kipa naye hakufungwa kwenye mstari. Filimbi ikilia anakujia. Watano kila upande, mkilingana mnaendelea mmoja mmoja mpaka mmoja aanguke. Wao waliita shutauti, sisi Waswahili tuliokuwa pale tukaiita penalti ya kukimbia.

Sasa kwenye karatasi sekunde tano ni nyingi. Nenda uwanjani ujaribu. Mguso wa kwanza ukiwa mrefu, kipa ameshaulalia. Ukiwa mfupi, umefika kwenye boksi sekunde nne zimeondoka, na jukwaa zima linahesabu kwa sauti. Niliona washambuliaji wenye majina wanafika mbele ya kipa wakiwa na mpira mguuni na hawajui waufanyeje. Niliona pia mabeki wa kati, watu ambao kwenye mechi hawavuki nusu ya uwanja, wanakwenda moja kwa moja bila kufikiri na kuupiga chini kwenye kona. Kufikiri ndiko kulikowaua wengi.

Timu niliyokuwa naitazama ni Dallas Burn, ambayo leo inaitwa FC Dallas, ikichezea Cotton Bowl. Bakuli kubwa la zege, jua la kiangazi linakupiga utosini kama uko Dodoma mwezi wa kumi. Mechi yao ya kwanza kabisa ilikuwa 14 Aprili 1996 dhidi ya San Jose Clash, watu 27,779 wakaingia. Dakika 90 suluhu. Burn wakashinda kwa shutauti. Klabu ikapata ushindi kabla haijawahi kufunga goli! Goli la kwanza la historia yao alikuja kulifunga Jason Kreis siku nne baadaye walipowapiga Kansas City 3-0.

Msimu ule langoni alikuwepo Mark Dodd, aliyechaguliwa kipa bora wa ligi 1996. Sitashangaa kama zile mbio za sekunde tano zilimsaidia kuonekana, maana hakuna mahali ambapo kipa alitazamwa na macho yote ya uwanja kama pale. Mshambuliaji mwenyewe alikuwa kama msindikizaji.

Kilichoharibu utamu ni hesabu ya pointi. Ukishinda ndani ya dakika 90, pointi tatu. Ukishinda kwa shutauti, moja. Ukipoteza kwa shutauti, sifuri, sawa na aliyefungwa 5-0. Yaani umesafiri kutoka pwani moja ya Marekani hadi nyingine, umekaba dakika 90, umepata sare ugenini, halafu kijana wako wa tano anachelewa nusu sekunde na mnapanda ndege mikono mitupu. Hapo ndipo nilipokuwa nakereka. Ila mchezo wenyewe, ule wa mtu na kipa na saa, mpaka leo naamini unapima mpira kuliko tuta la mita 11. Karibuni mnipinge.

---

Mpenda Matuta

Mkuu umeandika vizuri, lakini Wamarekani bwana. Watu hawawezi kuvumilia sare! Hao hao wakati huohuo walikuwa na saa ya uwanjani inayohesabu kurudi nyuma mpaka sifuri kama mpira wao wa kikapu, ikifika sifuri mechi imekwisha hata kama mpira uko hewani. Unategemea nini kwa watu wa namna hiyo?

Sare ina heshima yake. Namungo akija kwa Mkapa akatoka 0-0 na Simba, ile ni sherehe kwao, wanarudi Ruangwa wanaimba. Ukimwambia abaki apige mbio na kipa, umemnyang'anya haki yake.

---

Mzee wa Cotton Bowl

Mpenda Matuta, kwenye sare za ligi tuko pamoja, soma tena aya yangu ya mwisho. Mimi nazungumzia fainali na mtoano, pale ambapo lazima mmoja atoke. Pale tayari mnapiga matuta. Swali langu ni kwa nini tuta na si hii.

Na saa umesema kweli, ilikuwa inarudi nyuma. Ile sitaitetea.

---

Kipa Mstaafu

Nimedakia timu za daraja la pili Morogoro kwa miaka yangu ya ujana, na naomba niseme kwa niaba ya makipa wote waliowahi kutukanwa: tupeni hiyo kitu leo, msisubiri kesho.

Kwenye tuta mimi ni mtu wa kubahatisha. Mpira uko mita 11, nikisubiri nione unakoelekea umeshaingia. Kwa hiyo nachagua upande na kuruka. Nikipatia naitwa shujaa, nikikosea naambiwa nimelala. Sheria nayo inanibana, mguu mmoja lazima uguse mstari au uwe juu yake mpaka apige. Kipa anayefanya vizuri kwenye matuta ni yule aliyesoma wapigaji, au mwenye moyo wa jiwe. Mtazameni Ally Salim pale Mkwakwani, Agosti 2023, Ngao ya Jamii. Simba na Yanga wametoka suluhu, kijana akapangua matatu, Simba wakachukua 3-1. Usiku ule kila mtu alikuwa rafiki yake. Wangapi walikuwa wanamtaja wiki moja kabla?

Hii aliyoisimulia Mzee ni kazi tofauti. Hapa najua kitu ambacho mshambuliaji hakijui: kwamba saa ni yangu. Kila sekunde anayoitumia ni faida kwangu. Kwa hiyo sikimbilii mpira kama kichaa. Sekunde ya kwanza natoka kwa kasi, kwa sababu mpira uko mbali na hawezi kunifunga kutoka kule isipokuwa kwa kuubetua. Sekunde ya pili napunguza, nakuwa kwenye ukingo wa boksi, nimeshaziba engo. Nje ya boksi siwezi kutumia mikono, kwa hiyo pale ukingoni ndipo kwangu. Sekunde ya tatu nasimama, miguu imetulia, mikono chini. Sasa aamue yeye. Akitaka kunizunguka anatumia sekunde ya nne na anapelekwa pembeni. Akipiga, anapiga nikiwa nimesimama imara na goli lote liko mgongoni kwangu.

Kosa la kipa ni kuendelea kukimbia mshambuliaji anapoinua kichwa. Ukiwa unakimbia huwezi kuruka upande, na mpira ukibetuliwa unaishia kuutazama unavyodunda kuingia wavuni. Nimefungwa hivyo kwenye mechi za kawaida na hakuna aibu inayozidi ile.

---

Kaskazini Baridi

Salaam kutoka Toronto, kuna theluji mlangoni. Mzee umeanzia katikati ya hadithi, ngoja mimi nianzie mwanzo.

MLS hawakuibuni. Waliirithi kwa marehemu. Ligi ya zamani ya huku, NASL, ile ya Pelé na Beckenbauer na Cosmos ya New York, ndiyo iliyoianza 1977. Kabla ya hapo walishajaribu matuta ya kawaida kumaliza sare, maana hawakutaka mtu aondoke bila mshindi. Wao walikuwa na muda wa nyongeza kwanza, mwenye kufunga anamaliza mechi palepale, na ikishindikana ndipo yadi 35. Yadi hizo hazikuokotwa hewani: ligi ile ilikuwa na mstari wake wa kuotea uliochorwa yadi 35 kutoka goli, kitu ambacho FIFA hawakukipenda. Kwa hiyo mstari ulikuwepo uwanjani, wakautumia kuanzishia.

Na mshindi wa shutauti aliongezewa goli moja kwenye matokeo. Ndiyo maana ukisoma kumbukumbu za fainali ya 1981 utakuta Chicago Sting 1, Cosmos 0, wakati hakuna aliyefunga mpaka mpira ulipokwisha. Ile ilichezwa hapahapa Toronto, Exhibition Stadium, 26 Septemba 1981. Ndiyo fainali pekee ya ligi ile iliyoamuliwa hivyo. Watu kumi walikuwa wapige, na matokeo ya shutauti yakawa 2-1! Fikiria timu ya mastaa kama Cosmos, imefunga moja tu. Karl-Heinz Granitza alifunga kwa Chicago, Bogićević kwa Cosmos, na aliyemaliza kazi ni Rudy Glenn, kijana wa Kimarekani, mbele ya majina yote yale makubwa kutoka Ulaya na Amerika Kusini.

Lakini kama mnataka kichaa chenyewe, tafuteni habari za Vancouver Whitecaps na Cosmos, nusu fainali ya 1979. Utaratibu wao ulikuwa hivi: mnacheza mechi mbili, mkigawana ushindi mnacheza palepale kimechi cha dakika 30. Vancouver walishinda ya kwanza kwao. Ya pili, kule New Jersey nyumbani kwa Cosmos, ikawa 2-2, Cosmos wakaishinda kwa shutauti. Kwa hiyo moja moja, ingieni kwenye kimechi. Kimechi nacho kikaisha bila goli. Basi shutauti ya pili jioni ileile, na Vancouver wakapita. Wakaenda kuchukua kombe kwa kuwafunga Tampa Bay Rowdies 2-1. Wachezaji walikuwa uwanjani zaidi ya saa tatu. Mtu anayelalamikia dakika 120 akalale.

Jina hilo la Whitecaps lisiwapite hivihivi. Ndiyo klabu aliyokuja kuichezea Nizar Khalfan wetu wa Mtwara kuanzia 2009. Shutauti ilikuwa imeshazikwa zamani, lakini jina ni lilelile.

---

Mpenda Matuta

Kaskazini Baridi nakubali, hiyo ya shutauti mbili jioni moja ni wazimu. Waafrika walikuwepo kwenye ligi hiyo au ni wazee wa Ulaya tu waliokwenda kustaafu?

---

Kaskazini Baridi

Walikuwepo, na wazito. Wa Afrika Kusini hasa, kwa sababu nyumbani kwao siasa za ubaguzi zilikuwa zimewafungia milango ya mpira wa kimataifa. Jomo Sono alikuwa Cosmos 1977, msimu wa mwisho wa Pelé na msimu wa kwanza wa shutauti. Patrick Ntsoelengoe, wote wanamwita Ace, alicheza Minnesota Kicks kwa miaka kisha akaja hapa Toronto Blizzard. Huyo jina lake limewekwa kwenye jumba la heshima la mpira wa Marekani, 2003. Wazee wa huku ukimtaja tu wanaanza kukuonyesha kwa mikono alivyokuwa akiugandisha mpira.

Kwenye MLS ya Mzee pia, Doctor Khumalo na Vitalis Takawira wa Zimbabwe walikuwa Columbus 1996, Shaun Bartlett alikuwa Colorado, Uche Okafor wa Nigeria alikuwa Kansas City. Vijana wenye chenga zao. Ukimpa Khumalo sekunde tano na kipa mmoja, hapo umempa sikukuu.

---

Mtoto wa Ngara

Wasee, mnaongea kama hii kitu imekufa. Iko hapa Nairobi, nimeiona City Park, lakini kwa hoki.

Mimi nimekulia Ngara, City Park iko karibu, tulikuwa tunaingia kuangalia ligi ya mpira wa magongo. Zamani mechi ikiisha sare kwenye mtoano walikuwa wanapiga penalti kutoka doa, mtu anasukuma mpira, kipa anabahatisha, kama tu soka. Halafu kutoka 2011 shirikisho la dunia likabadilisha. Sasa mchezaji anaanza kwenye mstari wa mita 23, ana sekunde nane, kipa anatoka. Na kwa hoki mtu akinyimwa anaweza kufuata mpira ule na kupiga tena, bora sekunde nane hazijaisha. Buda, ile ni raha. Mtu anageuka na mpira, anarudi nyuma, kipa analala chini na lile gwanda lake lote, mwingine anampitisha kati ya miguu. Watu wa stendi wanasimama.

Na hakuna mtu wa hoki anasema warudishe ya zamani. Nimewauliza wachezaji. Wanasema angalau ukishindwa umeshindwa ukicheza.

---

Mzee wa Cotton Bowl

Mtoto wa Ngara, umenipa silaha ambayo sikuwa nayo. Na magongo ya barafuni kule Marekani wana yao pia, tangu msimu wa 2005–06 NHL wanamaliza sare za ligi kwa mtu kukimbia na kipa, na wamedumu nayo. Tofauti yao na MLS iko kwenye zile zile pointi: NHL aliyeshindwa kwenye shutauti anabaki na pointi moja yake, hanyang'anywi kila kitu.

---

Binti wa Raskazone

Samahani kaka zangu, mimi nilikuwepo Mkwakwani siku hiyo ya Ally Salim, na nina swali ambalo naona mnalikwepa. Mechi ikifika dakika 120, miguu imekwisha. Nusu ya wachezaji wamekaa chini wanavutwa misuli. Halafu unamwambia beki akimbie mita 32 kwa kasi na mpira mguuni, na kipa mwenye nguvu zake zote anamjia mbio? Si atapata aliyepumzika, yule aliyeingia dakika ya 110?

Tena kuna kuumia. Kipa na mshambuliaji wanakutana kwa kasi, hakuna beki wa kupunguza mwendo. Kwenye tuta hakuna anayevunjika mguu.

---

Kipa Mstaafu

Binti, kuumia ni kweli. Kwenye mechi ya kawaida ana kwa ana vile kunatokea mara moja au mbili. Hapa unaziweka kumi mfululizo. Mimi ningekuwa refa ningekuwa mkali sana na kipa anayeingia na miguu.

Ila kuhusu uchovu naona ni upande wa haki zaidi. Timu iliyokuwa na pumzi ndiyo inayostahili. Kwenye tuta, anayekaba dakika 120 nyuma ya mpira akisubiri matuta analipwa kwa woga wake.

---

Mzee wa Cotton Bowl

Binti wa Raskazone, hilo swali ni zito na lilijibiwa kwa vitendo: MLS hawakuwa na muda wa nyongeza. Dakika 90, pumua kidogo, shutauti. Ukitaka kuiweka kwenye mtoano, ondoa zile dakika 30 ambazo siku hizi timu zote mbili zinatembea tu zikiogopana. Unaokoa miguu na muda.

Marco van Basten alipokuwa mkurugenzi wa ufundi wa FIFA, Januari 2017, alilitoa pendekezo kama hili hadharani: mita 25, sekunde nane, mtu na kipa. Mita chache na muda mrefu kidogo kuliko wa Wamarekani, kwa hiyo hata aliyechoka angeweza. Bahati mbaya pendekezo lenyewe aliliweka kwenye kapu moja na la kufuta kuotea, na dunia nzima ikamrukia kwa hilo la kuotea. Hili likapita bila mtu kulijadili kwa akili.

Sasa niwaambie ilivyokufa, kwa sababu kuna mtu kaniuliza pembeni. 1999 MLS ilikuwa inayumba. Watazamaji wamepungua. Agosti mwaka ule wakamleta kamishna mpya, Don Garber, kutoka NFL, ligi ya ule mpira wao wa Kimarekani (American football). Watu wakadhani huyu ndiye atatuletea maajabu zaidi. Badala yake Novemba akatangaza kwamba kuanzia msimu wa 2000 shutauti haipo, na ile saa ya kurudi nyuma haipo, saa itakuwa mkononi mwa refa kama duniani kote. Sababu haikuwa siri: mashabiki wa kweli wa mpira, wale wahamiaji na vijana waliokuwa wakitazama ligi za Ulaya, waliona aibu. Walitaka ligi yao ifanane na za wengine. Mtu wa NFL ndiye aliyewasikia, kuliko waliomtangulia.

Ila hata hapo hawakuikubali sare moja kwa moja. Kuanzia 2000 mpaka 2003 walicheza dakika kumi za nyongeza, goli la dhahabu, ndipo ikishindikana sare. Sare ya kawaida kama yetu waliipata 2004! Walipunguzwa dozi taratibu.

Na mwaka huohuo wa 1999, Julai, kabla ya hayo yote, wanawake wa Marekani walichukua Kombe la Dunia pale Rose Bowl kwa kuwafunga China kwa matuta, 5-4 baada ya suluhu. Uwanja uleule ambao miaka mitano nyuma Baggio alipaisha juu tuta lake na Brazil wakachukua kombe la 1994. Watoto wa Kimarekani wakaingia kwenye ukumbi wa dunia kupitia mlango wa matuta. Baada ya usiku kama ule, nani angemsikiliza anayetetea yadi 35?

---

Mpenda Matuta

Hapo ndipo ninapokukamata Mzee. Umetaja Baggio, umetaja wanawake wa 1999, Binti kataja Mkwakwani. Hizo ndizo picha tunazozibeba. Mtu mmoja, mpira umetulia, uwanja kimya. Fainali ya Afrika 1992 kule Dakar, Ivory Coast na Ghana, 11-10, makipa wenyewe wakapiga. Umeshasimuliwa na baba yako kuhusu ile? Nionyeshe kijiwe kimoja duniani kinachosimulia shutauti ya Dallas.

---

Mzee wa Cotton Bowl

Hiki hapa. Unakisoma.

---

Mtoto wa Ngara

😂😂😂 Mzee amemaliza mechi.

---

Kaskazini Baridi

Mpenda Matuta, umesahau kabla ya matuta kulikuwa na nini. Nusu fainali ya Ulaya 1968, Italia na Urusi ya Kisovieti, ikaamuliwa kwa kurusha sarafu. Italia wakaenda fainali kwa sarafu, wakachukua kombe. Na wakati huo wapo waliosema sarafu inatosha. Kila kizazi kinatetea kile alichokizoea.

---

Mwenge Mataa

Nimesoma uzi wote kimyakimya, naongeza moja tu. Yule dogo Bernard Kamungo, aliyezaliwa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, familia ya Wakongomani, wakahamia Texas, si anacheza FC Dallas? Nimemwona kwenye mechi na Messi 2023, alifunga, ikaisha 4-4 wakatolewa kwa matuta.

---

Mzee wa Cotton Bowl

Ndiye huyo. Na Mwenge Mataa, umegusa kitu ambacho wengi hawakijui. Kabla ya kupandishwa, Kamungo alikuwa North Texas, timu ya wadogo ya Dallas, kwenye ligi inayoitwa MLS Next Pro. Ligi ile ilipoanza 2022, sare zikarudi kuamuliwa! Mkitoka sare kila mmoja anapata pointi yake moja, halafu mnapiga matuta, mshindi anaongezewa moja. Leagues Cup nayo, ile ya MLS na Wamexico, ikafanya hivyohivyo kwenye makundi. Yaani ugonjwa wa kutoipenda sare haujawatoka. Ila sasa wamerekebisha pale palipokuwa pananikera mimi Cotton Bowl: aliyepata sare haondoki mikono mitupu.

Walichofanya ni kurudisha hesabu nzuri na kuacha mchezo mzuri. Chukua pointi za Next Pro, weka yadi 35 mahali pa tuta, mimi nakata tiketi ya msimu mzima.

---

Binti wa Raskazone

Kule Hispania ile ligi ya Piqué, Kings League, si wanaanzia katikati ya uwanja wanakimbia na kipa? Mdogo wangu anaziangalia kwenye simu kutwa. Anadhani wamezibuni wao.

---

Kaskazini Baridi

Mwambie mdogo wako amsalimie Granitza 😄

---

Mtoto wa Ngara

Sawa. Jumapili hii tuko na mechi ya mtaa, wazee na vijana, na kila mwaka inaisha sare kwa sababu wazee wanakaba. Nataka tujaribu hii. Uwanja wetu ni mdogo, yadi 35 itakuwa karibu na goli la pili. Mzee nipe mpango.

---

Mzee wa Cotton Bowl

Kwa uwanja mdogo anzieni hatua 25 za mtu mzima, sekunde tano zibaki tano, msiongeze hata moja kwa sababu ya wazee. Mtu wa saa awe mmoja, awe na filimbi yake, asiwe refa, maana refa anatakiwa kutazama miguu. Ikilia kabla mpira haujatoka mguuni, imekufa, hata kama umeingia. Kipa akimwangusha mtu mpeni tuta la kawaida, msianze kubishana. Na wapangeni wapigaji kabla mechi haijaanza, la sivyo mtakuta wote wamekwenda kunywa maji.

---

Kipa Mstaafu

Mtoto wa Ngara, wazee wana kipa? Niko Nairobi mpaka Jumatatu.

---

Mtoto wa Ngara

Walikuwa naye, goti limemkataa. Glavu unazo au tukutafutie?